Nyumba Nane Chini ya Nyasi

Mimi ni msusi, na katika kazi hii nimejifunza kwamba kichwa cha mtu husema kabla mdomo wake haujafunguka. Mwaka ule Mama Pacha alipokaa kwenye kigoda changu nimsuke mistari, nilipotenganisha nywele kwa kitana niliona nyuma ya sikio la kushoto pamenyonyoka, duara la ukubwa wa kizibo cha soda. Nikamuuliza kama kuna dawa alipaka. Akasema hapana, ni joto tu. Wiki tatu baadaye maduara yalikuwa matatu.

Tulikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta. Yeye akikohoa, mimi nasema pole nikiwa jikoni kwangu. Mumewe ni fundi bomba, mtu wa maneno machache na vidole vinene, na mabinti zao pacha ndio kwanza walikuwa wameanza shule.

Mama Pacha alikuwa mwoga, na mtaa mzima ulijua. Akitoka nyumbani lazima arudi mara mbili kuangalia kama jiko limezimwa, na mara ya tatu anamtuma mumewe. Pikipiki ikitoa mlio barabarani, yeye tayari kawakamata watoto mikono. Tulimtania sana. Tulikuwa tunamwambia, "Mama Pacha, kuna mtu anakufuata, ni mweusi na anafanana nawe," naye anageuka, anakuta kivuli chake, tunacheka wote.

Sababu ya uoga ule, nje ya nyumba yake, aliniambia mimi peke yangu. Alipokuwa na miaka tisa alitoka shule mchana akakuta tingatinga uani kwao. Mama yake amesimama kando na beseni la nguo mbichi kichwani, nguo alizozianua kwenye kamba haraka haraka, maana hakuna aliyewapa taarifa. Walilala miezi miwili sebuleni kwa shangazi yake. Baba yake, ambaye kabla ya hapo sauti yake ilisikika nyumba ya tatu, akawa mtu wa kunong'ona mpaka anaingia kaburini. "Ukuta ukianguka unasema mara moja tu, basi," aliniambia. "Mabati ndiyo yanayolia. Yanalia muda mrefu."

Sasa, mtaa wetu ulikuwa pembezoni mwa mji, nyumba za chini chini, kila moja na kiuwanja chake cha nyuma, barabara ya vumbi, na tenki kubwa la maji juu ya miguu minne. Zamani tukisema tunakwenda mjini, tulivaa vizuri. Kisha mji wenyewe ukaanza kutufuata. Siku moja tukaamka tukakuta bango kwenye njia panda: mtaa utajengwa upya. Maghorofa manne kwenda juu, chini maduka, juu watu wanaishi, katikati miti na nyasi. Pichani watu wanaendesha baiskeli huku wanacheka. Mzee wa Saa, fundi saa anayekaa mwisho wa uchochoro wetu, alilitazama lile bango kwa miwani yake ya kazi, akauliza, "Hawa wanaocheka ni akina nani? Ndio wanaokuja kukaa hapa, au ndio sisi baada ya kunenepa?" Tukacheka, lakini si sana.

Ofisi ya mradi ilifunguliwa kwenye lililokuwa ghala la soda. Walitafuta mtu wa usafi, Mama Pacha akaomba, akapata. Siku ya kwanza alipewa karatasi asaini, kwamba atakayoyaona mle ndani hatayatoa nje. Akasaini. Alijua kusoma, tena vizuri, na aliisoma yote, ndiyo maana aliiogopa.

Ofisini bosi wake alikuwa binti mmoja wa mipango miji, mwenye mwendo wa haraka na penseli iliyochomekwa kwenye nywele. Sisi mtaani tulimwita Dada Ramani. Hakuwa mtu mbaya. Alimsalimia Mama Pacha kila asubuhi kwa kumshika mkono, na ndiye aliyemfundisha kupangusa ule mfano wa mtaa.

Mfano wenyewe ulikaa juu ya meza pana kama kitanda cha watu wawili. Mtaa wetu mpya mzima, wa mbao nyembamba na karatasi ngumu, maghorofa ya urefu wa kidole, magari kama punje za maharage. Vumbi lake halikufutwa kwa kitambaa. Lilifutwa kwa brashi laini, ile ya kupakia poda usoni. "Taratibu, mama," Dada Ramani alimwambia, "miti inang'oka."

Kwa siku nne Mama Pacha alipangusa bila kutafuta chochote. Siku ya tano akaliona tenki la maji. Lilikuwa limetengenezwa kwa kifuniko cha dawa ya meno, limesimama palepale linaposimama kweli. Basi akajua yuko wapi. Akaanza kuhesabu kutoka kwenye tenki kwa ncha ya brashi: barabara kubwa, uchochoro wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa tatu ndio wetu. Pale palipotakiwa kuwa na nyumba zetu nane palikuwa na sifongo la kijani, mabenchi matatu, na mtu mdogo anatembeza mbwa.

"Nilipuliza," aliniambia baadaye. "Nilidhani ni vumbi."

Akahesabu tena, sasa kutoka upande wa shule. Nyasi palepale.

Hakumwambia mtu. Ukimuuliza leo kwa nini, anataja ile karatasi, anataja kibarua, lakini mwisho wake husema kwamba alikuwa na imani moja ya kitoto: jambo likiwa halijasemwa, bado linaweza kubadilika. Kila asubuhi kitu cha kwanza, kabla ya kushika ndoo, alikwenda kwenye ile meza kuangalia kama usiku wameamua vingine. Nyasi zilikuwa zinamngoja.

Na huku nyumbani mumewe alikuwa anajenga. Mama yake Baba Pacha macho yalikuwa yanafifia, hawezi tena kukaa peke yake, kwa hiyo alikuwa anamjengea chumba kule nyuma. Kila Jumamosi safu mbili za matofali, kila Jumamosi mke wake anasimama mlangoni anaangalia ukuta unavyopanda. Akaanza visa. Mara simenti hii imeganda, mara mawingu yale si mazuri, ngoja wiki ijayo. Alifika mahali akaficha mwiko wa kujengea ndani ya debe la unga. Baba Pacha aliutafuta Jumamosi nzima, akaazima wa jirani.

Mwisho akanijia dukani, akasimama kizingitini kwa sababu wanaume huona haya kuingia saluni. "Msusi," akasema, "rafiki yako hamtaki mama yangu. Siku hizi nikitaja kile chumba anageuza uso. Angesema tu. Kwani nimemkataza kusema?"

Nikamtetea, ingawa sikujua namtetea kwa lipi.

Ilikuwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nilipomwona Baba Pacha kwangu tena. Safari hii aliingia ndani kabisa, na mkononi ana begi. "Anakwenda kwa nani?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe ndiye unayeshika kichwa chake. Unajua. Anakwenda kwa nani?"

Nilifungua begi. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya kiwanja ndani ya nailoni mbili, sare za shule, sweta, tochi, dawa ya homa, gauni zake mbili. Nguo ya mume hata moja hakuna. Alilikuta nyuma ya mlango alipokuwa anatafuta waya.

Tukaenda wote. Mama Pacha alikuwa anaosha vyombo uani. Alipoliona begi mkononi mwangu aliacha sahani ikazama.

"Mke wangu," mumewe akasema, "kama kuna mtu, niambie."

"Mtu gani?"

"Umefungasha. Vya watoto umefungasha, vyako umefungasha. Vyangu mimi viko wapi?"

"Wewe una mikono ya kubebea vyako," akamjibu, na kwa jinsi alivyojibu, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa, sote wawili tukajua hapa hakuna mwanaume mwingine. Hapa kuna kitu kibaya zaidi. Akakaa chini kwenye ndoo iliyofunikwa, akatusimulia: meza, brashi, tenki, sifongo. Begi lilikuwa limekaa nyuma ya mlango tangu wiki ya kwanza. Kila alipokwenda kazini alijua watoto wakirudi shule kabla yake watakuta begi, na alikuwa amewafundisha wakisikia tingatinga wachukue begi wakimbilie kwa mwalimu. Pacha wale wa miaka saba walikuwa wanajua, sisi hatujui.

Nikawa nahesabu kichwani. Uchochoro wa tatu.

"Na mimi je?" nikauliza.

Hakunitazama. "Na wewe. Nyumba zote nane."

"Umekaa kwenye kigoda changu miezi minne."

"Ndiyo."

"Nilikuambia nataka kupaka rangi ukumbi wangu, ukaniambia nipake ya samawati."

"Ndiyo," akasema tena, machozi yanashuka.

Nikatoka bila kuaga. Nilikwenda nikafunga mlango wangu nikauangalia ule ukumbi wa samawati, na hapo ndipo nilipoonja kidogo alichokuwa anakula yeye kila siku. Nilitaka kupika nikasahau nataka kupika nini. Na kinachonikera mpaka leo ni kwamba hata mimi, nilipopita jioni ile dukani kwa Mzee wa Saa, akaniuliza habari, nilimjibu nzuri.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Mama Pacha amekaa kitandani, hajavaa kwenda kazini. Kilichomtisha zaidi, alisema, ni mumewe. Usiku kucha alikuwa anaamka kuangalia kama mlango umefungwa. "Yule hakuwahi kuogopa kitu. Mimi nilikuwa naogopa kwa niaba ya nyumba nzima, nilijua yeye yupo. Sasa tumekuwa wawili."

"Muulize Dada Ramani," nikamwambia.

"Siwezi."

"Nitakusindikiza."

"Nitamwambia nini? Nimevunja karatasi yao."

"Mwambie ulikuwa unapangusa vumbi ukakuta nyumba yako haipo."

Nilimfikisha mpaka mlangoni pa lile ghala. Aliingia, mimi nikabaki nje karibu na mapipa, na haya ya ndani alinipa yeye mwenyewe muda si mrefu baadaye.

Dada Ramani alikuwa anakunywa chai akisimama. Mama Pacha akaenda moja kwa moja mezani kabla ujasiri haujamwishia.

"Dada, samahani. Hapa pana nyumba."

"Wapi?"

"Hapa kwenye nyasi."

Dada Ramani akatabasamu. "Hapana, mama, hapo ni wazi. Katika mtaa mzima hapo tu ndipo hatukuwa na mtu wa kumhamisha. Ndiyo maana bustani tukaiweka hapo."

"Mimi ninakaa hapo."

Binti akaweka kikombe chini. Alifungua droo ndefu, akatoa ramani, akatoa na picha iliyopigwa kutoka angani. Walitazama pamoja. Tenki lipo, shule ipo, uchochoro wa kwanza na wa pili vipo. Baada ya hapo shamba la mahindi. Picha ilikuwa ya miaka kumi na miwili nyuma. Nyumba zetu nane zilijengwa baada ya hapo, zote kwa vibali, zote kwa hati, na hakuna aliyerudi kuangalia. Wapima ardhi walipokuja na vyombo vyao vya miguu mitatu walipima barabara na tenki, wakaondoka.

Hapo ndipo Mama Pacha alipoelewa kwamba miezi yote ile alikuwa anaogopa kitu kidogo. Kubomolewa, mtaa mzima ungebomolewa kidogo kidogo. Lakini wenzetu wote walikuwa kwenye orodha: kila nyumba na fleti yake kwenye jengo jipya, na hakuna kuvunjiwa kabla ya kupewa funguo. Sisi wanane hatukuwa kwenye orodha yoyote. Kwa karatasi zao sisi tulikuwa mahindi. Na orodha ilikuwa inafungwa baada ya siku tisa.

Dada Ramani naye rangi ilimtoka. Picha ile ni yeye aliyeikubali. Akaenda akafunga mlango, akauliza polepole, "Nani mwingine anajua?"

Watu wazima tuliojua tulikuwa watatu. Mama Pacha akasema, "Wote wa nyumba nane."

"Ulisaini karatasi, mama."

"Nilisaini."

Nje mimi nilikuwa nasikia feni tu. Kisha Dada Ramani akachomoa penseli kichwani. "Mna hati?" akauliza.

Siku ile ile tulipita nyumba kwa nyumba kuufanya uongo wake uwe kweli. Wengine walipiga kelele, mmoja alitaka kwenda kuchoma lile ghala, mkewe akamficha viatu. Mzee wa Saa hati yake ililiwa na mchwa, lakini alikuwa ametunza ankara za maji za miaka yote, zimefungwa kwa uzi kwa mpangilio kama vipuri vya saa. Kesho yake Dada Ramani alikuja kwa miguu, hana gari wala walinzi, mkononi futi ya kupimia. Alipofika kwenye kile chumba cha nyuma, Baba Pacha ndiye aliyemshikia ncha ya futi.

"Nimalize au niache?" akamuuliza.

"Siwezi kukuambia jenga," akajibu. "Ila mashine haifiki hapa kabla ya mwaka na nusu."

Jumamosi hiyo tukamsikia anagonga. Nikachungulia juu ya ukuta, nikamuuliza anafanya nini na chumba ambacho kitavunjwa. Alikuwa anaweka lenta, ile boriti ya juu ya mlango. "Mama yangu atalala wapi mwaka na nusu, shemeji," akasema, "kwenye ramani?"

Mkutano wa mtaa ulifanyika kwenye ukumbi wa shule, saa nne asubuhi, watu mpaka madirishani. Mwanaume wa kampuni ya mradi, mwenye suti na kipaza sauti, alieleza mambo mengi mazuri kuhusu hewa safi na maduka ya karibu, kisha akasema orodha imekamilika, kwa hiyo tuanze na maswali machache. Mama Pacha alikuwa kati yangu na mumewe. Akasimama. Sauti haikutoka. Akakaa. Watu wakaanza kucheka, wakidhani ni visa vyake vilevile. Akasimama mara ya pili.

"Mimi ndiye ninayepangusa vumbi kale kamtaa kenu ka mbao," akasema.

Kicheko kikaenea, hata yule wa suti akacheka. Akangoja kikaisha.

"Kuna nyumba nane hazimo. Yangu mojawapo. Mmetupandia nyasi tukiwa ndani."

Akazitaja moja moja, nani anakaa, kajenga mwaka gani. Yule mwanaume akaanza kusema malalamiko yana utaratibu wake. Hapo Dada Ramani akanyanyuka kutoka safu ya mbele, akatandaza ramani mpya mezani mbele ya mwenyekiti wa mtaa, penseli ikiwa bado mkononi, akasema kosa ni la ofisi na hizi hapa hati. Alivyotazamwa na wakubwa wake sitasahau. Mwenyekiti akasema bila majina nane yeye hasaini. Yakaandikwa.

Mwisho wa mwezi ule Mama Pacha alipewa barua ya heshima kwamba mkataba wake hautaendelea. Dada Ramani alihamishwa. Wengine wanasema alipandishwa cheo, wengine wanasema alishushwa. Hatukumwona tena. Mama Pacha alipata kazi ya usafi kwenye zahanati, mbali kidogo, na nywele zikaanza kurudi, laini kama za mtoto.

Hofu yenyewe haikuisha, na sitaki kudanganya. Mwaka na nusu ule ulikuwa mrefu. Kila tulipoona lori tulihesabu vichwa vya watoto. Funguo zilikuja kwa kuchelewa, fleti za ghorofa ya pili juu ya duka la dawa, yao na yangu mlango kwa mlango. Siku ya kuvunja uchochoro wetu Mama Pacha alisema hatakwenda kuangalia, kisha saa tatu akanigongea, amevaa khanga mbili. Tukasimama mbali. Tingatinga likaingia uani kwao, yeye akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. Ukuta ukaanguka, tukangoja. Hakuna kilicholia. Baba Pacha alikuwa ameezua mabati yote siku mbili kabla, peke yake, na hakumweleza mtu sababu. Alipotuona alikuja akasimama nyuma yetu, naye alikuwa amefumba macho.

Sasa nyasi zipo kweli. Mama mkwe wake hupelekwa pale alasiri, anakaa benchi, anamuuliza kila apitaye yeye ni mtoto wa nani. Pacha wanacheza mpira. Mama Pacha mwenyewe hupita pembeni, kwenye njia ya saruji, miguu yake haikanyagi kijani. Balkoni ameizungushia wavu mpaka juu, lifti hapandi, na jiko bado anarudi kuliangalia, safari hii kwa ngazi, jambo ambalo limempunguza mwili.

Juzi asubuhi niligongewa mlango. Yeye, na karatasi mkononi, ameibandua ukutani kwenye korido: notisi ya kufunga ngazi za nyuma kwa matengenezo.

"Haina muhuri," akasema. Midomo ilikuwa mikavu. "Nataka kwenda ofisini kuuliza nani kaandika. Twende wote."

Nilikuwa na mteja, kichwa nusu. Nikamwambia mteja anisubiri kidogo, nikaenda kutafuta viatu.